Nguvu zikipungua, kapime presha kwanza

Ndugu msikilizaji, kule Kasingirima, Ujiji, kama ilivyo katika miji yetu mingine, mwanamume aliyepungukiwa nguvu za kiume hamwambii mtu. Mkewe hushuku kuna nyumba ndogo. Yeye humwendea muuza mizizi jioni, au hununua vidonge kwa kificho. Aibu hiyo yaweza kumgharimu uhai.

Uume husimama kwa kujaa damu. Mishipa inayopeleka damu huko ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, ilhali ile ya moyo hufikia 3 hadi 4. Kisukari, shinikizo la damu na sigara huharibu mishipa yote, lakini iliyo myembamba huonyesha dalili mapema. Ndiyo maana udhaifu wa chumbani huweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Wasiwasi, pombe na baadhi ya dawa nazo huleta hali hiyo.

Je, vidonge? Sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilijaribiwa kwanza kwa maumivu ya kifua. Husaidia damu kupita, lakini haitibu kisukari wala presha. Ikikutana mwilini na dawa za moyo aina ya naitreti, presha huweza kuporomoka na mtu akafa.

Tendo la ndoa lenyewe si adui wa moyo wenye afya. Jasho lake ni kama la kupanda ngazi za ghorofa mbili.

Basi, ndugu yangu, kabla ya mizizi, kapime presha na sukari. Na mkeo mwambie ukweli. Hadi juma lijalo, kwa heri.