Ukauboi bila Stampede

Wiki mbili za likizo zikipatikana, Mswahili wa Kings Heath, Birmingham, kwanza huulizia tiketi ya Dar, Mombasa au Unguja. Ndiyo desturi, na mama mkubwa hakusamehe ukipitisha miaka mitatu hujaenda kumwamkia. Lakini mwaka ambao deni hilo limeshalipwa, ipo Alberta, magharibi mwa Kanada: nchi ya makauboi iliyoegemea Milima ya Rocky.

Wengi huijua kwa Calgary Stampede, tamasha la siku 10 lililoanzishwa mwaka 1912 na Guy Weadick. Katika mashindano yake, anayempanda farasi mkorofi lazima adumu mgongoni sekunde 8, akishika kwa mkono mmoja. Ule wa pili ukimgusa farasi, ametoka. Mwaka ule wa kwanza farasi Cyclone, aliyeogopwa na wote, alishindwa na Tom Three Persons, mwenyeji wa asili wa jamii ya Kainai. Na Naheed Nenshi, meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohamia Kanada kutoka Tanzania. Asikudanganye mtu kwamba kofia za kikauboi ni za Wazungu peke yao.

Tatizo ni kalenda. Stampede huwa mwanzoni mwa Julai, wakati watoto wetu wa Birmingham bado wako darasani. Ukimtoa mtoto wiki nzima bila ruhusa, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi, kwa kila mtoto. Wenye watoto watatu wapige hesabu wenyewe.

Mimi nasema nendeni Agosti, na wala msisikitike. Ukauboi wenyewe hauko uwanjani, uko Bar U, ranchi ya mwaka 1882 karibu na kijiji cha Longview, kama kilomita 100 kusini mwa Calgary. Sasa ni makumbusho ya taifa, na hufunguliwa majira ya joto. Majengo ya mbao yamesimama palepale: zizi, jiko la wafanyakazi, banda la matandiko. Watoto hufundishwa kurusha kamba, wakubwa hunywa kahawa iliyochemshwa juu ya moto wa kuni, na ukiinua macho, milima hiyo.

Ng'ombe wa kuanzishia ranchi hiyo waliswagwa kutoka Marekani, na miongoni mwa waliowaswaga alikuwamo John Ware, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Alibaki Alberta, akafanya kazi za watu, mwisho akawa na ranchi yake na ng'ombe wenye chapa ya 9999. Mwaka 1905 farasi wake alikanyaga shimo, akaanguka naye na kumlalia. Ware akafa papo hapo. Mwaka 2012 Posta ya Kanada ilimtolea stempu. Huyu watoto wetu wanastahili kumjua kabla ya kauboi yeyote wa sinema.

Kutoka hapo barabara inaelekea Banff, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, iliyoanza mwaka 1885. Kwa urefu hatutishiki: Robson, kilele kinachoongoza katika Rocky za Kanada, kina mita 3,954, na Meru yetu ina 4,566. Kinachoshangaza ni maziwa, Louise na Moraine, rangi ya feruzi kabisa, kwa kuwa barafu husaga miamba kuwa unga laini unaoelea majini. Moraine magari binafsi yamezuiwa tangu 2023, kwa hiyo nafasi ya basi iwekwe mapema. Njiani kwenda Jasper kuna barafu ya Athabasca, na vibao vya miaka vinaonyesha ilipokuwa ikifika zamani. Aliyeiona barafu ya Kilimanjaro ikipungua hatahitaji maelezo.

Ndege za moja kwa moja hadi Calgary huruka kutoka London, safari ya muda wa saa 9 hivi. Mwenye pasipoti ya Uingereza huomba kibali cha mtandaoni cha dola 7 za Kanada. Mwenye ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza, hata kama ana ukaazi wa Uingereza, na viza huchukua muda. Anza nayo, tiketi inunuliwe baadaye.