Mwaridi Mwekundu wa Kuparamia Hauombi Shamba

Ukiisha kugawa ekari zako, hapa viazi, pale kabeji, kule nyasi za ng'ombe, mahali panapobaki kando ya nyumba huwa padogo. Kuku wanapataka, watoto wanapataka, na mama mwenye nyumba anapataka pa sukuma wiki. Ukitaja maua hapo utaulizwa mara moja, "Maua huliwa?" Swali hilo ni la haki, wala sikuambii ung'oe mboga upande maua. Nakuambia tu kwamba mwaridi wa kuparamia huomba futi mbili za udongo chini ya ukuta. Nafasi nyingine yote unayoitumia iko juu, mahali ambapo hukuwa na mpango wa kupanda kitu.

Lakini wako wengi waliojaribu wakakata tamaa. Husema, "Mwaridi wangu umepanda mpaka kwenye bati, na maua ni mawili tu, tena juu ya paa ambako hunusa ndege peke yao." Huongeza mbolea, mti ukazidi kurefuka, na mwishowe huung'oa na kuuchoma. Mara nyingi mti hauna kosa lo lote. Kosa liko katika kamba iliyoufunga.

Sikiliza sababu. Katika tawi lililosimama wima, jicho la kileleni ndilo linalotawala. Hupeleka chini dutu inayoyazuia macho mengine yasichipue, na kwa hiyo tawi hukimbilia juu na kutoa maua kileleni tu. Ukililaza tawi hilo kando, karibu sawa na ardhi, utawala huo hupungua. Macho yaliyokuwa yamelala huamka mstari mzima, na kila moja hutoa kijitawi kifupi chenye ua mwishoni. Mti ni ule ule, mbolea ni ile ile, lakini sasa maua yako mbele ya dirisha lako.

Yafaa sasa tuseme ni mwaridi gani. Kama unataka mwekundu wenye harufu kweli, mmoja ulio na sifa tangu zamani ni Etoile de Hollande, maana yake Nyota ya Uholanzi. Mkulima wa maua Mholanzi aitwaye Verschuren aliutoa mwaka 1919, ukiwa kichaka cha kawaida. Mwaka 1931 ilitolewa aina yake ya kuparamia, iliyotokana na kichaka kilichogeuka chenyewe na kuanza kurefuka, kama miwaridi inavyofanya mara moja moja. Waridi lake ni jekundu la kuiva, laini kama mahameli, na shingo yake hulegea kidogo. Kwenye kichaka kifupi huo ni upungufu, kwa sababu ua hutazama chini. Kwenye ukuta ni faida, kwa kuwa linakutazama wewe uliyesimama chini yake.

Usihangaike sana na jina, hata hivyo. Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, baadhi ya nyumba za mashamba ya zamani zilibaki, na nyingine zikawa shule au ofisi. Ukiona kwenye nyumba kama hiyo mwaridi mwekundu wa zamani unaonukia, omba ruhusa ukate vipande. Mti ulioishi miaka hiyo yote bila kutunzwa umekwisha fanya mtihani wake.

Jambo moja usichanganye. Mawaridi yanayolimwa Naivasha na kupelekwa ng'ambo kwa ndege yamechaguliwa kwa shina refu na kwa kudumu siku nyingi ndani ya chombo cha maji, na mengi hayana harufu ya kutosha. Hili letu ni kinyume. Hunukia sana na kupukutika upesi, kwa hiyo usilipande ukitegemea soko. Watu wa pwani wanajua thamani ya harufu hiyo tangu zamani. Katika arusi za Lamu na Mombasa wageni hunyunyiziwa marashi ya mawaridi kwa mrashi. Sisi wa bara tutaridhika na dirisha lililo wazi asubuhi.

Kata vipande mvua zinapoanza. Chagua tawi lililokwisha toa ua, lenye unene wa penseli, si laini wala si gumu kama kuni. Urefu uwe inchi nane au tisa, na ukate chini tu ya kifundo. Acha majani mawili ya juu, toa mengine. Chomeka theluthi mbili ya kipande katika udongo uliochanganywa na mchanga, mahali penye kivuli, na usiache pakauke. Miwaridi myekundu mingi ni migumu kutoa mizizi, basi ukihitaji mti mmoja chomeka vipande kumi. Baada ya majuma sita hadi manane vuta kimoja polepole. Kikishikilia, kimetoa mizizi.

Ukuta wa upande wa mashariki ndio bora. Jua la asubuhi hukausha umande kwenye majani, na jua kali la alasiri haliyafikii maua, kwani petali nyekundu za kuiva huungua pembeni zikawa nyeusi. Usipande pale pale chini ya ukuta. Upenu wa bati huzuia mvua, na udongo wa hapo huwa mkavu kama majivu hata wakati wa masika. Toka futi moja na nusu au mbili, kisha uulaze mti kuelekea ukutani.

Chimba shimo la futi mbili kila upande, na kina cha futi moja na nusu. Changanya udongo na makarai mawili ya mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa. Ile mbichi huunguza mizizi. Wewe wa Kinangop, ambako mahali pengi maji husimama juu ya udongo mzito, inua tuta kwanza, kwa maana mwaridi hauvumilii miguu kulowa.

Hapana budi niseme juu ya maji. Mti mchanga huhitaji nusu debe mara mbili kwa juma katika kiangazi cha kwanza. Kama maji yako huletwa na punda kutoka mbali na hata ndama hawatoshelezi, ngojea mwaka utakapokuwa na tangi. Ua halina haki ya kushindana na ndama.

Juu ya ukuta vuta nyaya za ua kwa kulala, moja kila baada ya futi moja na nusu, na ziwe mbali na ukuta inchi nne. Nyumba nyingi ni za mabanzi au mabati, na zote mbili huumizwa mti ukizigusa, kama vile bati la moto linavyouumiza mti. Funga matawi kwa kamba ya mkonge au vitambaa vikuukuu, si kwa waya, ambao hukata gome tawi likinenepa. Yatandaze kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kisha uyashushe pole pole yangali laini. Tawi lililokwisha kuwa gumu huvunjika.

Kama ukuta wako haufiki futi nane, simika nguzo ya mtarakwa na uzungushie matawi kama nyoka apandavyo mti. Kuzunguka ni namna nyingine ya kulala.

Miaka miwili ya mwanzo usikate matawi makubwa. Aina zilizotokana na kichaka, ukizikata mapema, huweza kurudia ukichaka wao. Ondoa tu yaliyokufa. Tangu mwaka wa tatu, vijitawi vilivyokwisha toa maua vikate ubakize macho mawili au matatu. Kazi hiyo ifanye mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Huko Ol Kalou na Kinangop, ambako sakitu huanguka usiku wa Januari, ukikata mapema utaamsha machipukizi ili yaunguzwe na baridi.

Unga mweupe juu ya majani ni ugonjwa uitwao ubwiri unga. Huupenda mti wenye kiu mizizini na usiopitiwa na hewa, basi mwagilia chini asubuhi na usiusukumize mti kwenye kona. Vidukari wafute kwa vidole au uwaoshe kwa maji ya sabuni, na waache wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, kwa kuwa huwala vidukari. Dawa ya viazi iliyobaki katika bomba usije ukaimalizia hapa. Mwaridi huu uko kando ya dirisha la jikoni na tangi la maji, na watoto huchuma maua yake na kuyatia mdomoni.

Mbuzi naye hula machipukizi kwa furaha kubwa, miiba haimtishi. Zungushia shina matawi ya miiba mpaka litakapopita urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.