Baiskeli si Kobe, Usiipindue!

Umewahi kuona mayai 120 yakivunjika kwa mkupuo mmoja? Mimi nimeona. Na aliyeyavunja ni mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Mpenzi msomaji, ilikuwa Jumatatu, hapa hapa Maili Moja, Kibaha. Bi mkubwa anafuga kuku wa mayai na mimi ndiye dereva wake. Usicheke. Gari langu ni Phoenix nyeusi, ile ya kutoka Shanghai, China, gurudumu inchi 28, breki za vyuma, mali aliyotuachia marehemu baba. Kila Jumatatu na Alhamisi napanga trei 6 kwenye keria, nazifunga kwa mpira wa tyubu, kisha nashuka nazo taratibu kwenye maduka ya kando ya Barabara ya Morogoro.

Siku hiyo nimefika kwenye mteremko wa mtaani kwetu, mara mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kuvuka. Nikaminya breki ya mbele. Mkono wa breki ukaja mpaka ukabusu usukani, baiskeli haina habari. Nikaminya ya nyuma. Hiyo raba zake zilikuwa zimekwisha, nami nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi nizibadilishe. Ikabaki kuchagua: mama na mtoto, au mtaro. Nikachagua mtaro.

Mama na mtoto salama salimini. Mimi goti limechubuka. Trei 4 kati ya 6, kwisha habari yake. Trei moja ina mayai 30, hesabu fanya mwenyewe. Mbwa wa jirani siku hiyo alikula kama yuko harusini.

Nyumbani bi mkubwa alitazama goti langu, akatazama trei, akasema, "Mayai yatatagwa mengine, mwanangu." Kisha akaingia ndani. Zile zilikuwa pesa za chakula cha kuku cha wiki nzima. Wallahi, kile kimya chake kiliniuma kuliko goti.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba jana yake tu baiskeli ilikuwa kwa fundi. Breki ya mbele ilitengenezwa nikiwa nimesimama pale pale, nikalipa, nikasema asante.

FUNDI HAKUNIDANGANYA

Nilitaka nirudi kijiweni nikawashe moto. Babu yangu, mzaa mama, akanizuia. Akanyoosha kiganja chake, akauliza, "Mjukuu wangu, baiskeli inatembea hivi?" Kisha akakigeuza kiganja chini juu. "Au inatembea hivi?"

Nikaona kama mzee ananiletea mafumbo wakati mimi nina msiba wa mayai. Kumbe alikuwa amemaliza kila kitu.

Wewe mwenyewe ni shahidi. Ukimpelekea fundi wetu baiskeli, jambo la kwanza ni kuipindua. Usukani na tandiko chini mchangani, magurudumu juu, kama kobe aliyezidiwa. Na mimi nyumbani nilikuwa nafanya vile vile. Kwa kuziba pancha haina neno, inatosha. Kwa breki za vyuma, hapo ndipo penye mtego.

Breki ya mbele ya Phoenix inafanya kazi hivi. Ukiminya mkono, chuma kinavutwa juu na zile raba mbili zinapanda kuigusa ringi kwa upande wa ndani. Ukiachia, chuma kinashuka na raba zinaiacha ringi. Kushuka huko kunasaidiwa na uzito wa chuma chenyewe.

Sasa ipindue baiskeli. Chini imekuwa juu na juu imekuwa chini. Ule uzito uliokuwa unaziondoa raba kwenye ringi, sasa unazisukuma ziifuate. Fundi anatazama, anaona raba zimekaa karibu kabisa, anakaza nati, anasema safi. Na kweli kwa macho yake ni safi. Ukiigeuza ikasimama kwa magurudumu yake, chuma kinarudi chini, raba zinakwenda mbali, na mkono wa breki unabaki unaning'inia kama mkia wa ng'ombe aliyechoka.

Kwa hiyo fundi hakunidanganya. Macho yetu ndiyo yalidanganywa, yake na yangu. Na mimi nilikosa jambo dogo sana: kuijaribu breki kabla ya kupakia mayai.

WENZETU WALICHOKA KUINAMA

Dawa yake ni stendi ya kutengenezea. Siyo ile stendi ya miguu iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma, hapana. Nasema chombo kinachoinua baiskeli nzima kutoka ardhini ikiwa wima, magurudumu yote mawili yakielea, na kazi yenyewe ikiwa mbele ya kifua chako.

Si jambo jipya duniani. Huko Marekani, katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, mafundi wawili waliokuwa na duka la kutengeneza baiskeli, Howard Hawkins na Art Engstrom, walichoka kuinama kutwa nzima. Wakajiundia stendi yao. Kutokana na stendi hiyo, mwaka 1963 ilizaliwa kampuni ya Park Tool, ambayo leo vifaa vyake vya baiskeli vinauzwa nchi nyingi. Angalia mambo: ni mwaka 1963 huo huo ambapo Wanordiki walikuja hapa Kibaha na mradi ambao baadaye, mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Sisi tulipata shule, wao wakapata stendi. Sasa na sisi tupate stendi.

Najua unachowaza: stendi ya Ulaya ni bei mbaya. Nani kakwambia ukanunue?

MWEMBE NDIO STENDI

Babu alichukua kamba mbili za katani nene, akaenda kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba, akatafuta tawi nene lililolala. Kabla ya kufunga chochote alinyoosha mikono akaning'inia mwenyewe, na umri ule! "Likinibeba mimi," akasema, "litaibeba na hiyo chuma yenu."

Kamba ya kwanza inashuka kwenye tandiko, inapita chini ya pua yake. Ya pili inashika usukani pale katikati, karibu na shingo. Hapo kwenye usukani uwe makini, kamba isipite juu ya vyuma vya breki, maana utavipinda na utakuwa umeongeza ugonjwa. Mwisho wa kila kamba funga kitanzi cha tyubu kuukuu ili rangi isichubuke. Urefu uweke hivi: wewe umesimama wima, pedali ziwe usawa wa kiuno chako. Gurudumu la mbele linapenda kuzungukazunguka ovyo, lifunge na fremu kwa kipande cha tyubu.

Huna mwembe? Boriti ya banda inafaa, ilimradi si ile iliyoliwa na mchwa. Umepanga chumba na mwenye nyumba ni mkali? Chimbia nguzo mbili zenye panda, weka mti mnene juu yake, ning'iniza pua ya tandiko hapo. Magurudumu yote hayataelea, lakini la nyuma litaelea, na pale ndipo penye cheni na kazi nyingi. Mwenye uwezo anaweza kumwona fundi wa kuchomea vyuma, amuungie mabomba chakavu. Kamba ya kuanikia nguo usiiguse, utamkosa baiskeli na utamkosa mama.

UTAYAONA MENGI

Siku ya kwanza tuliyoitundika Phoenix yetu nilitaka kulia. Breki ilikuwa ugonjwa mmoja tu kati ya mingi.

Zungusha gurudumu, weka kidole gumba kwenye uma, ncha yake karibu na ringi. Ringi ikiwa inakaribia kidole kisha inakimbia, ujue imepinda na kuna spoki zimelegea. Zigonge spoki moja moja kwa kucha. Iliyokaza inalia, iliyolegea iko kimya. Zetu tatu zilikuwa kimya.

Shika gurudumu juu na chini, litikise upande kwa upande. Likicheza, gololi zinadai kukazwa au kubadilishwa. Kama gurudumu limekwama, umekaza mno. Usisahau nati za ekseli, hizo ndizo zinazokushikia roho yako.

Shika mikono ya pedali miwili, itikise. Ukisikia "ka, ka", pini ya krenki imelegea. Mimi sauti hiyo niliisikia miezi miwili nikidhani ni tandiko. Fundi naye asingeigundua baiskeli ikiwa imelalia tandiko lake.

Cheni nayo: izungushe taratibu, tafuta pale inapokaza zaidi, hapo ipande na kushuka kiasi cha upana wa kidole kimoja. Ikining'inia zaidi, legeza nati za nyuma, vuta gurudumu, hakikisha limekaa katikati, kaza. Halafu mafuta. Kwa vile pedali zinazunguka bila kugusa chini, unadondosha tone tone kwenye cheni huku ukiizungusha kinyumenyume, kisha unafuta kwa kitambaa. Ile tabia ya kumwagia oili chafu ya gari iache. Ina uchafu wa injini ndani yake, na mchanga wetu wa Pwani unaipenda, vikikutana vinaisaga cheni kama msasa.

Mwisho kabisa ndiyo breki, na baiskeli ikiwa wima kama inavyotembea. Raba zote mbili zifike kwenye ringi kwa pamoja. Ukishakaza, ishushe chini, minya breki ya mbele, isukume mbele kwa nguvu. Gurudumu likigoma kuzunguka, umefaulu. Likizunguka, rudi mwembeni.

Ubora mwingine ni mgongo. Nusu saa ya kuchuchumaa mchangani inakufanya uharakishe, na ukiharakisha unaruka nati. Ukiwa umesimama unafanya kazi kwa raha, hata redio unaisikiliza. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, zamani hakugusa spana kwa sababu hakuwa na nguvu za kupindua lile chuma. Siku hizi ndiye mkaguzi mkuu. Jumapili jioni kabla ya mzigo wa Jumatatu anaizungusha, anagonga spoki, anatoa cheti. Asipotoa cheti, mayai hayatoki.

MASHARTI YAPO

Nisikufiche. Usitundike baiskeli yenye mzigo. Usiitundike watoto wakacheza bembea. Kamba ikianza kutoa nyuzi, itupe. Na kuna kazi ambazo stendi haikugeuzi kuwa bingwa: kunyoosha uma uliopinda au kuunga fremu iliyokatika mpelekee fundi, ana vifaa na ana mkono. Stendi inakusaidia kuona mapema, ukienda kwa fundi unajua unapeleka nini.

Nawaambia zaidi washikaji wangu wanaobeba mkaa, nanasi na madumu ya maji. Mimi nilivunja mayai nikabaki hai, tena mteremko wenyewe mfupi. Wewe mwenye magunia mawili nyuma na malori pembeni yako huna mtaro wa kuchagua. Kamba mbili na robo saa jioni, basi.

Yule fundi nilimwendea, siyo kwa ugomvi. Nilimwomba aipindue Phoenix, nikamwonyesha raba zilipo. Kisha tukaisimamisha, nikamwonyesha zilipokimbilia. Alinyamaza kidogo, akavuta kofia nyuma, akasema, "Kaka, miaka yote hii!" Wiki iliyofuata nikakuta kamba mbili zinaning'inia kwenye mkungu wa kijiweni kwake na baiskeli ya mtu inaelea. Akataka kuninunulia soda kwa vile mgongo wake umepata likizo.

Nikamwambia soda abaki nayo. Aninunulie trei ya mayai, tena akanunue kwa bi mkubwa.