Umeme Vijijini: Taa Peke Yake Haitoshi

Nguzo za umeme zinapofika kijijini, wengi huamini kuwa maendeleo nayo yamekwisha kuwasili. Je, imani hiyo ni sahihi? Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kwanza kufanya hesabu.

Chukua nyumba yenye taa tano za wati 10 kila moja, zinazowaka kwa saa 5 kila usiku. Nyumba hiyo hutumia wati-saa 250, yaani robo ya uniti. Sasa chukua mashine ya kusaga nafaka yenye mota ya kilowati 7.5. Ikifanya kazi kwa saa 4, hutumia uniti 30. Hivyo basi, mashine moja hutumia umeme sawa na nyumba 120.

Gharama ya nguzo, nyaya na transfoma haipungui kwa sababu umeme unatumika kidogo. Kijiji kinachowasha taa tu huchukua miaka mingi mno kuirudisha. Penye mashine, karakana na pampu, umeme hugeuka kuwa unga, samani na mboga za kuuza. Mwananchi hupata kipato, na kwa kipato hicho hulipia umeme.

Utafiti nao unatufundisha. Magharibi mwa Kenya, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walizipunguzia kaya zilizochaguliwa kwa kura gharama za kuunganishiwa umeme. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha badiliko kubwa la kiuchumi. Kaya nyingi hazikuwa na vifaa vya kutumia umeme huo. Lakini huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Taryn Dinkelman alionyesha mwaka 2011 kuwa ajira za wanawake ziliongezeka baada ya umeme kufika. Wengi waliacha kupikia kuni, wakapata muda wa kufanya kazi nyingine.

Kwa hiyo umeme ni nyenzo, nayo nyenzo huhitaji mtumiaji. Hapa Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Uwezo huo utamfaa mwanakijiji iwapo atapata pia mkopo wa kununulia mota, fundi wa kuitengeneza, na barabara ya kufikishia bidhaa sokoni.

Mwanafunzi, orodhesha vifaa vyote vya umeme kijijini au mtaani kwako, kisha ukokotoe: ni uniti ngapi huzalisha mali, na ngapi huangaza tu?