Madagaska, ufalme uliouzwa kwa bei ya Unguja

Mwezi Agosti 1890 wakubwa wa London na Paris waliandikiana hati. Ufaransa iliikubalia Uingereza himaya yake juu ya Unguja, na Uingereza ikaikubalia Ufaransa Madagaska, kile kisiwa kikubwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Malkia wa Antananarivo hakuulizwa.

Nchi iliyogawiwa hivyo haikuwa pori. Karne moja kabla, Mfalme Andrianampoinimerina aliunganisha falme ndogondogo za nyanda za juu za Wamerina, akamwachia mwanawe, Radama wa Kwanza, wosia kwamba mpaka wa shamba lake la mpunga ni bahari. Radama alishika kiti mwaka 1810. Mwaka 1817 aliafikiana na Waingereza wa Morisi kukomesha biashara ya kupeleka watumwa ng'ambo, naye akapewa bunduki na walimu wa kijeshi. Kwa jeshi hilo aliteka sehemu kubwa ya kisiwa. Wamisionari wakafungua shule, Kimalagasi kikaanza kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Lakini tusiupambe ufalme huo: utumwa wa ndani uliendelea, na makabila ya pwani yaliwaona Wamerina kuwa watawala wa kigeni.

Mjane wa Radama, Ranavalona wa Kwanza, alitawala kuanzia 1828 hadi 1861. Aliwatesa Wakristo na kuwafukuza wamisionari, huku akimtumia fundi Mfaransa, Jean Laborde, kumjengea viwanda vya mizinga na baruti. Mwanawe, Radama wa Pili, alifungua milango kwa wageni kwa pupa. Mwaka 1863 aliuawa kwa kunyongwa kwa kitambaa cha hariri, maana damu ya kifalme haikuruhusiwa kumwagika. Tangu mwaka uliofuata mwenye nchi hasa alikuwa waziri mkuu Rainilaiarivony, aliyeoa malkia watatu mmoja baada ya mwingine na kushika hatamu kwa miaka thelathini na ushei.

Jeshi la Ufaransa lilishuka Mahajanga mwaka 1895. Malaria na magonjwa mengine yaliua watu karibu 6,000 katika msafara huo. Waliokufa vitani walikuwa wachache mno. Hata hivyo, Septemba 30 mizinga ilipolipiga jumba la kifalme, malkia alipandisha bendera nyeupe. Mwaka uliofuata kisiwa kikafanywa koloni, na mwaka 1897 Jenerali Gallieni akaufuta ufalme. Malkia huyo, Ranavalona wa Tatu, alipelekwa Réunion, kisha Algiers, alikofia mwaka 1917.

Kodi na kazi za shuruti zilijaza chuki iliyolipuka usiku wa Machi 29, 1947. Wapiganaji wenye mikuki na mapanga walivamia kambi ya Moramanga. Kisasi cha Wafaransa kilikuwa cha kinyama: Mei, katika mji huohuo, askari waliwamiminia risasi wafungwa waliofungiwa ndani ya mabehewa ya treni. Hesabu ya waliokufa katika vita hivyo hadi leo inabishaniwa, kuanzia 11,000 hadi zaidi ya 80,000.

Uhuru ulipatikana Juni 26, 1960, chini ya Philibert Tsiranana, mwalimu kutoka kaskazini, si Mmerina. Paris ilimpenda, na si bure: wanajeshi wa Ufaransa walibaki katika bandari ya Diego Suarez na sarafu ilibaki ya faranga. Wanafunzi walipoingia barabarani mwaka 1972 walikuwa wakipinga uhuru wa namna hiyo, na Tsiranana akang'oka.

Kuna deni moja ambalo halijalipwa. Aprili 1960, miezi isiyotimia mitatu kabla ya uhuru, Ufaransa ilivitenga na Madagaska visiwa vidogo vinavyoizunguka, vikiwamo Juan de Nova na Europa. Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Ufaransa ianze mazungumzo ya kuvirudisha. Bado inavishikilia.