Mama Mwenye Mawazo Huko Rosettenville

Katikati ya miaka ya 1950, katika shule ya St Peter's, Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, kulikuwa na kijana mtukutu aliyewashinda walimu. Padri Trevor Huddleston alimwita, akamuuliza anapenda kufanya nini hasa maishani. Kijana akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamtafutia. Kijana huyo alikuwa Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri. Huddleston, ambaye mwaka 1960 alikuja Tanganyika kuwa Askofu wa Masasi, hakuwa mtaalamu wa saikolojia, lakini swali lake lilimtazama kijana mzima na si kosa lake tu.

Rosettenville ya leo ni mtaa wa wahamiaji. Wareno waliutia alama yao zamani, wakafuata watu wa Msumbiji na Angola, na Wakongo nao wapo, wakiwemo waliolelewa kwa Kiswahili cha Kivu. Februari 2017 baadhi ya wakazi walichoma moto nyumba walizodai ni za dawa za kulevya na ukahaba. Anayeketi mbele ya mshauri nasaha hapa huja na historia yake ya nyumbani, na huja pia na mtaa.

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, kutoka Bukavu, huko Kivu. Anasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi umemkimbia. "Nina mawazo," anasema. Mshauri mwenye haraka atauliza juu ya vita vya huko kwao. Anayemtazama mtu mzima atauliza kwanza maswali yanayoonekana madogo: jana ulikula nini? Chumba unalala na nani? Unatumia dawa gani? Karatasi zako za ukimbizi zinaisha lini?

Maswali hayo yana msingi wa kisayansi. Mtu akiishi na hofu, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo huamsha tezi zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini na kotisoli. Hofu ya dakika kumi hupita na kemikali hizo hushuka. Hofu ya kufukuzwa nyumbani kila mwisho wa mwezi haipiti, na mwili unabaki macho usiku kucha kana kwamba adui yuko mlangoni. Pengine chanzo ni kingine kabisa. Tezi ya shingo ikilegea, au damu ikipungua, mtu huchoka na kukosa hamu ya maisha kama mwenye sonona. Kwa miaka mingi Afrika Kusini iliwapa watu wenye VVU dawa ya efavirenz, ambayo huwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na usingizi wa mang'amung'amu. Mshauri asiyeuliza juu ya dawa angeweza kuitibu ndoto ya kidonge akidhani ni ndoto ya vita.

Daktari wa Marekani George Engel ndiye aliyeutetea mtazamo huu mbele ya wanasayansi mwaka 1977, katika jarida la Science: ugonjwa usomwe kwenye mwili, nafsi na jamii kwa pamoja. Bukavu yenyewe ina mfano hai. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, huwapa wanawake waliobakwa matibabu, msaada wa kisaikolojia, wakili, na njia ya kujipatia riziki.

Lakini hapa nataka tuwe makini, maana wengi husikia "mtu mzima" wakadhani inatosha kuwa na huruma na kumwelekeza mtu kwa wakili na daktari. Utafiti uliofanywa vijijini Kivu na kuchapishwa mwaka 2013 unakataa. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono waligawanywa kwa vijiji. Baadhi walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, pamoja na kuelekezwa kwenye tiba na sheria. Wengine walipata tiba ya mazungumzo ya vikundi, yenye hatua maalumu za kuchunguza fikra kama ile ya "kosa lilikuwa langu", ikiongozwa na wanawake wenyeji waliofunzwa. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 42 kwenye kundi la kwanza na asilimia 9 tu kwenye la pili. Wema bila ufundi uliwaacha wengi njiani. Kwa hiyo yule mama wetu anastahili vyote viwili: kuulizwa juu ya kodi ya nyumba, na kushikwa mkono kwa ustadi mpaka kwenye lile jambo ambalo hajawahi kulitamka.

Na kulitamka kunahitaji lugha. Mara nyingi mkalimani ni mtoto wake mwenyewe, aliyejifunza Kiingereza shuleni. Mama atasimulia nini mbele ya binti wa miaka 12? Anasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba ana mawazo. Binti anatafsiri neno kwa neno: mama anafikiri sana. Mshauri anatikisa kichwa, anaandika kwenye faili kwamba mteja ana akili timamu na ni mtu wa kutafakari, kisha anatazama saa.