Kiprugut Chuma: Wa Kwanza Asiyetajwa Kwanza

Waulizeni vijana wa barazani: ni Mkenya gani aliyetwaa medali ya kwanza ya Olimpiki? Mimi niliwauliza, wakanijibu bila ya kufikiri: Kipchoge Keino. La, jamani! Keino ni bingwa, hilo halina ubishi, lakini alitanguliwa na Wilson Kiprugut Chuma, askari wa jeshi aliyezaliwa mwaka 1938 huko Kericho, nchi ya chai.

Oktoba 1964, hata mwaka wa uhuru haujatimia, timu yetu iliingia uwanjani Tokyo bendera ikichukuliwa na mtoto wa Mombasa, Seraphino Antao. Macho yalikuwa kwake, kwani mwaka 1962 alikwisha kushinda dhahabu mbili kule Perth katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwenyezi Mungu hakumwandikia. Tarehe 16 zikaja mbio za mita 800. Peter Snell wa New Zealand akawa wa kwanza, Bill Crothers wa Kanada wa pili, na nyuma yao Kiprugut na George Kerr wa Jamaika wakafika kwa muda ule ule, dakika 1 na sekunde 45.9. Shaba akapewa Kiprugut.

Mwaka 1965, Brazzaville, alishinda dhahabu za mita 400 na 800.

Kisha Mexico, 1968, mji ulio juu ya mita 2,200, na hewa nyembamba si ngeni kwa mtu wa Kericho. Akatoka mbele, akaongoza, hata karibu na utepe Ralph Doubell wa Australia akampita kwa sekunde 44.3 juu ya dakika moja, sawa na rekodi ya dunia. Kiprugut, 44.5. Kupepesa jicho tu! Siku mbili kabla, Naftali Temu alitwaa dhahabu ya kwanza ya Kenya. Siku tano baadaye Keino akatwaa yake. Fedha ya Chuma ikafunikwa katikati ya dhahabu mbili.

Na fedha ya mfukoni? Siku zile mwenye kulipwa hakuruhusiwa Olimpiki. Keino aliingia mbio za kulipwa mwaka 1973. Zawadi za pesa katika mashindano ya ubingwa wa dunia zilianza 1997, Kiprugut akikaribia miaka 60.

Alifariki tarehe 1 Novemba 2022, na miaka yake 84.